Adoni ya video inayokataa kuunganika: uzoefu wangu na huduma kwa wateja

"Kaka, spidi unayo, tatizo ni TV yako." Hayo ndiyo aliyoniambia yule kijana wa huduma kwa wateja wa intaneti ya nyumbani, na kabla sijamjibu akakata simu. Hasira bado ninazo.

Hapa Tabata nina boksi la Android la TV lenye Kodi, ile programu ya kuchezea video na muziki, na ndani yake adoni moja ya video, yaani programu ndogo ya nyongeza, ambayo mama mkwe anaipenda kwa taarabu za zamani. Wiki kadhaa nyuma ikaanza vituko. Unachagua wimbo, duara linazunguka weee, mwisho unaambiwa muda wa kuunganishwa umeisha. Wimbo huu unakubali, unaofuata unagoma. Mwanzoni nilitaka kuwapa hao wa adoni nyota moja na maneno makali juu. Nikafuta keshi, nikaisakinisha upya, nikaongeza sekunde za kusubiri kwenye faili la mipangilio ya Kodi, advancedsettings.xml, pale kwenye curlclienttimeout. Tukawa tunasubiri zaidi, na bado inagoma.

Ndipo nikapiga simu. Zima ruta, washa ruta, pima spidi. Spidi ikatoka nzuri, maana kipimo kile huchagua seva ya karibu, hapahapa Dar. Nikamweleza kwamba boksi hilohilo nikiliunganisha na hotspoti ya simu, ambayo ni mtandao mwingine, adoni inafunguka papo hapo. Sasa TV inakosaje hapo? Hakutaka kusikia. Akadai kebo ya baharini imekatika. Jamani! Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilipokatika tulijua nchi nzima. Safari hii ni mimi na jirani anayetumia kampuni hiyohiyo. Nilipomwambia hivyo ndipo akanirushia hilo la TV, kwa sauti ya mtu anayefukuza kuku.

Kibovu kilikuwa DNS yao, ile inayogeuza jina la seva kuwa namba ya anwani. Mara inachelewa kujibu, mara haijibu kabisa, na logi ya Kodi, yaani kumbukumbu ya matukio yake, ilionyesha wazi kuwa jina la seva halipatikani. Nikaingia kwenye ruta, nikatoa DNS zao, nikaweka DNS za umma, 1.1.1.1 na 8.8.8.8, nikawasha boksi upya. Taarabu ikapigwa mpaka usiku, mama mkwe anaitikia viitikio vyote.

Adoni naipa nyota tano. Basi nne, maana ujumbe wake ungetaja kilichogoma tungeokoa muda mwingi. Kampuni nilikusudia kuipa tatu, kwa kuwa spidi ni nzuri kweli na mtaani kwetu hakuna waya wa kampuni nyingine. Nikikumbuka simu ilivyokatwa, hapana, moja. Na hiyo moja ni ya fundi aliyekuja kuvuta waya, alikuwa mstaarabu. Huyo kijana anipigie aniombe radhi, kisha warekebishe DNS yao, maana jirani hajui hata ukurasa wa ruta unafunguliwaje na analipa kila mwezi kama mimi.