Daiopsaidi tano nilizonunua ndani ya miaka mitatu: ipi ilistahili hela na ipi iliniliza

Jamani nimeulizwa sana kuhusu haya mawe yangu ya kijani, madini yanayoitwa daiopsaidi (diopside), leo Jumapili nimeyatoa yote kabatini nimeyapanga mezani, kila moja na kikaratasi chake, naandika nikiwa nayaangalia ili nisije nikasema kitu ambacho hakipo. Mimi nakaa Arusha, kazi yangu ni mahesabu kwenye kampuni ya utalii, sio broka wala sikati mawe, nanunua kristali nzima nzima za kuweka na kuangalia basi. Na kwa nini daiopsaidi na sio tanzanaiti? Kwanza bei, pili naipenda tu, ile kijani yake ikipigwa na jua la asubuhi dirishani aisee siwezi kuielezea.

Naanza na ile iliyoniuma maana ndio ya kwanza kununua na ndio iliyonifundisha yote.

Niliiona mtandaoni kwa muuzaji mmoja wa Ulaya, jina naliacha, kristali ya kijani kama chupa, sentimita 4 na kidogo, inapitisha mwanga mpaka ndani na ncha yake imechongoka vizuri haina hata kovu. Chini imeandikwa Merelani Hills, Tanzania. Ndio, hapo hapo Mirerani, Simanjiro, jiwe limetoka kwetu likaenda Ulaya na mimi nikalipa dola 210 na nauli juu lirudi Arusha kwa ndege. Wakati ule sikujua kabisa kwamba naweza kulipata huku huku, nilivyokuwa naelewa Mirerani ni tanzanaiti tu na green garnet, mengine ni mawe ya kumwaga.

Likafika, upakiaji safi, boksi dogo la plastiki, sponji, kila kitu. Wiki nzima nalishika tu nalipenda. Halafu siku hiyo nimelishika kwenye mwanga wa pembeni na lenzi yangu ya mara 10, nikaona kitu. Kristali ya daiopsaidi huwa ina mistari myembamba inayopanda kwa urefu wake, sasa mistari ile ilikuwa inapanda vizuri ikifika karibu theluthi ya juu inaruka kidogo, yaani wa chini haukutani na wa juu, umepishana kwa unene wa unywele. Nikazima taa, nikawasha tochi ya UV, ile ya nanomita 365, nikaimulika taratibu nikiizungusha. Pale pale kwenye ile ruka pakawaka mstari mweupe wa bluu umezunguka kristali nzima kama uzi wa pete. Gundi. Kristali ilikuwa imevunjika vipande viwili ikaunganishwa, na kwenye tangazo hakuna neno hata moja.

Nilimwandikia kwa adabu kabisa, nikamtumia na picha. Akajibu eti mawe ya Merelani mengi yameunganishwa na wanaokusanya wanajua. Sasa hapo niseme ukweli, kuunganisha sio dhambi, watu wa mawe wanakubali kabisa kristali iliyorudishiwa ncha yake yenyewe, ila inasemwa! Inaandikwa kwenye tangazo na bei inashuka. Mimi sikulalamika kuhusu gundi, nimelalamikia kunyamaza. Tumevutana karibu miezi miwili, mwisho akanirudishia nusu ya hela na jiwe likabaki kwangu. Kwa hiyo huyo muuzaji upakiaji namsifu, picha namsifu, ukweli hapana, na sitarudi kwake.

Lakini kwa nini zinavunjika hivyo, hili nilikuja kulielewa baadaye. Daiopsaidi ina njia mbili za kupasuka ndani yake zinazokatana karibu pembe mraba, nyuzi 87 na 93, yaani jiwe lenyewe limezaliwa na mahali pa kuachia, ukilipiga linafuata hapo. Na ugumu wake ni 5.5 mpaka 6.5 tu, vumbi la kawaida la mchanga linaweza kulikwaruza. Sasa fikiria liko chini kabisa shimoni Mirerani, baruti zinapigwa, wanaapolo, yaani wachimbaji, wanatafuta blue, yaani tanzanaiti, nyundo inashuka, nani atasimama kuhurumia kijiti cha kijani ambacho hakijulikani? Siwalaumu, ile kazi ni ya hatari na mtu anatafuta kitu kitakacholipia chakula na dizeli. Ila moyo unauma.

Ya pili ni ya Urusi, inatoka Inagli, Yakutia, huko Siberia. Hii ndio ile wanaita krom daiopsaidi, kijani yake inatokana na kromiamu, na ndio inayojaa kwenye pete na hereni za bei nafuu. Nilinunua kipande kisichokatwa, dola 35 tu. Rangi kali ajabu lakini nawaambia mapema msije mkaumia, jiwe likiwa nene linaonekana jeusi kabisa. Yangu ina unene wa kidole gumba, ukiiweka mezani unaweza kudhani ni mkaa, mpaka uweke tochi nyuma ndio pembeni kwenye wembamba inawaka kijani. Ndio maana vito vyake vizuri vingi ni vidogo. Na kuna wauzaji wanaiita zumaridi ya Siberia, hapana, sio zumaridi, ni madini mengine kabisa, mkiona jina hilo mjue mnauziwa jina. Kama spesimeni naipa wastani, haina ncha, haina umbo, ni kipande tu. Nimeiweka kwa sababu ya rangi na kwa sababu ya kitu kimoja kilichonifurahisha, kwamba daiopsaidi za kromiamu huwa zinapatikana pia kwenye kimbalaiti, ule mwamba wa almasi, mpaka watafutaji wa almasi wanachekecha mchanga wa mito wakitafuta hivi vijani kama alama kwamba almasi inaweza kuwa jirani. Mjomba wangu alifanya kazi mgodi wa almasi wa Mwadui miaka mingi na hakuwahi kunisimulia hilo, nilipomwonyesha hili jiwe alilishika muda mrefu sana.

Ya tatu hii hapa, ndio mtu akija nyumbani anaulizia. Inatoka Italia, bonde la Ala kwenye milima ya Piemonte, Val d'Ala wanavyoita wenyewe. Ukubwa wake ni kama kiberiti. Juu ya jiwe kuna vijiti vya daiopsaidi vya kijani cha kufifia, karibu vyeupe chini na kijani kidogo kwenye ncha, vimelala vingine vimesimama, na katikati yake zimekaa ganeti nyekundu za rangi ya chungwa zinang'aa kama mbegu za komamanga. Hiyo pacha ya kijani na nyekundu ndio sifa ya bonde lile na watu wanaikusanya tangu karne ya 19 na kabla, wenyewe zamani daiopsaidi ya pale waliita alalaiti kwa jina la bonde. Jina daiopsaidi lenyewe lilitolewa na Haüy, mtaalamu wa madini Mfaransa, mwaka 1806. Nililipa yuro 65, muuzaji akaniandikia kwa mkono kabisa kwamba ganeti moja pembeni ina pengo na akaipiga picha hiyo ganeti kwa karibu kuliko zile nzuri. Mnaona tofauti? Kasoro ameitanguliza yeye mwenyewe. Kwa huyo nimenunua tena mara mbili, vitu vingine.

Ya nne ni daiopsaidi nyeusi ya nyota, kutoka India. Hii sio kristali, imechongwa mviringo ikang'arishwa, ukiipeleka kwenye jua au taa moja unaona nyota ya miale minne inatembea juu yake. Ndani kuna visindano vya sumaku asili, ndio vinaleta ile nyota, na ukileta sumaku yenye nguvu jiwe linavutwa kabisa, nililifunga kwa uzi nikaona linasogea. Hicho ndio kipimo chake, maana kuna watu wanaiuza kama yakuti nyeusi ya nyota na yakuti kwa kawaida inatoa miale sita. Rahisi sana, nzuri kwa mtoto anayeanza kupenda mawe. Basi, sina mengi.

Sasa ya tano. Hii ndio iliyonifanya niandike.

Baada ya kile kisa cha gundi nikajisemea kama jiwe linatoka Mirerani basi nitaenda Mirerani. Toka Arusha unafika uwanja wa ndege wa KIA unaingia ile barabara ya lami, safari ya asubuhi unarudi mchana. Mgodini sikuingia, kule ni ndani ya ukuta wa kilomita 24.5 uliojengwa mwaka 2018, huingii kienyeji enyeji na mimi sina shida ya kuingia. Nilipelekwa na shemeji yangu kwa mama mmoja ana leseni ya biashara ya madini, mtu mzima, mtulivu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akauliza natafuta blue? Nikamwambia hapana mama, natafuta daiopsaidi, na nataka ambazo hazijasafishwa, ziwe bado kwenye kinywe, lile jiwe jeusi la grafaiti. Akanitazama. Akasema mwanangu, hizo watu wananiuliza ziwe safi za kukata, wewe unataka na uchafu?

Nikamwambia ndio mama, uchafu wake ndio ninaoupenda.

Akatoa kikopo cha maziwa ya unga, ndani vipande vimefungwa karatasi za chooni. Vingi vimevunjika ncha. Vingine sio daiopsaidi, na hapa niwape kipimo kwa sababu Mirerani kijani ni nyingi. Green garnet ukiitazama kwa lenzi kupitia upande mmoja, kingo za upande wa nyuma zinaonekana moja moja, ila daiopsaidi ukiielekeza vizuri zile kingo zinaonekana mbili mbili, kama unaona mtu na kivuli chake, kwa sababu mwanga ndani yake unagawanyika. Tremolaiti, madini mengine ya kijani, nayo inafanana sana, hiyo itazame kipande kilichovunjika, ukikiangalia kwa kichwani tremolaiti inapasuka kwa umbo la kashata iliyobanwa, pembe mbili kali na mbili butu, daiopsaidi inakuwa karibu mraba. Nilikaa pale saa nzima na zaidi na yule mama hakunikimbiza hata kidogo, akaagiza na chai.

Ya mwisho kwenye kikopo ndio hii. Kristali moja ya sentimita 3, fupi kuliko ile ya Ulaya, imesimama kwenye kinywe cheusi kinachong'aa kama kimepakwa mafuta, chini yake kuna kalsaiti nyeupe kidogo, na ncha nzima, kila uso umekaa, hakuna kovu. Nikaimulika UV mle ndani kwenye kona yenye giza, mara tatu, hakuna mstari. Ubavuni kuna kijipande cha kinywe kimezama ndani ya kristali yenyewe kama unyoya, unakiona ukigeuza. Hapo nikaelewa kwamba kristali ilikua huku inakimeza. Hizi za Mirerani kijani yake ni vanadiamu na kromiamu, na zinakubalika kwamba ni miongoni mwa daiopsaidi nzuri kabisa duniani, sio mimi nasema kwa sababu ni za kwetu, nenda kaangalie kwenye makabati ya maonyesho ya mawe ya Munich, Ujerumani, na Tucson, Marekani, utaziona zimewekwa mbele.

Tulikubaliana shilingi 180,000, akanipa risiti. Risiti muhimu sana jamani, madini huwezi kukaa nayo kienyeji, nunua kwa mwenye leseni, na kama unataka kumtumia mtu nje ya nchi lazima upite Tume ya Madini upate kibali, usidanganywe kwamba ni mawe tu ya maonyesho.

Kuisafisha sikuisafisha, brashi laini ya mswaki kavu kuondoa vumbi tu. Ukiiweka kwenye mashine ya mtetemo ya masonara unaweza kuipasua, na asidi itaiacha daiopsaidi lakini itakula ile kalsaiti iliyoishikilia, utabaki na kijiti mkononi hakina kwao. Naihifadhi kwenye boksi lake, mbali na dirisha lenye vumbi.

Kwa hiyo ukiniuliza pesa yangu imekaa wapi vizuri, ya Mirerani kwa yule mama nyota tano bila kufikiria, ya Italia tano pia kwa uaminifu wa muuzaji, nyota ya India tatu, ya Inagli tatu, ile ya gundi jiwe lenyewe nne maana bado ni zuri sana jamani, muuzaji moja. Nimeziweka mbili za Mirerani pamoja, ile ya gundi nimeiandikia kwenye kikaratasi "imeunganishwa theluthi ya juu", ili siku ikienda kwa mtu mwingine ajue.

Bado natafuta ya De Kalb, jimbo la New York, zile fupi nene za kijani ya njano za kizamani, ila bei zake kwa sasa siziwezi, nachanga.

Ombi langu ni kwa mtu yeyote aliye Mirerani au ana ndugu kule. Mkikuta kijani imesimama kwenye kinywe na ncha yake ipo, msiigonge kuitoa, msiisugue, ifungeni kwenye karatasi hivyo hivyo na uchafu wake mpelekee mwenye leseni mwambie kuna wanaozitafuta zikiwa nzima. Yule mama alinipigia wiki iliyopita, anasema ameanza kuziweka pembeni kwenye kikopo cha peke yake, zimefika sita, Jumamosi naenda.