Fundi fremu wa Ngamiani na cheti changu cha apa sekondi, nampa nyota nne

Nilisema ntaandika kuhusu huyu fundi toka mwezi uliopita, nimechelewa kwa sababu kila nikianza kuandika habari za fremu najikuta nimeishia kwenye habari za chuo, mwisho nimeona siwezi kuvitenganisha kwa hiyo naviandika vyote pamoja.

Kwanza yuko wapi. Yuko Ngamiani hapa hapa Tanga mjini, kwenye zile barabara zetu za namba, kibanda cha mbao kisicho na bango. Ukiuliza fundi fremu mtu yeyote mwenye baiskeli atakuelekeza, ila sema fremu za picha na vyeti maana ukisema fremu tu utapelekwa kwa dalali wa vyumba vya biashara. Ni mzee wa makamo, anafanya kazi na kijana mmoja, vioo wamevisimamisha ukutani na chini pamejaa vumbi la mbao.

Aliyenituma ni baba. Baba ni mstaafu wa reli na msumari alishaugonga sebuleni toka wiki ya mahafali, pembeni ya picha ya marehemu babu, akawa anausubiri upate cha kubeba. Cheti changu cha digrii kilipotoka nikakichukua chuo, nikarudi nacho nyumbani Makorora kikiwa ndani ya bahasha, nikakiweka chini ya nguo kwenye sanduku na kikakaa humo miezi mitatu. Kila baba akiuliza nasema bado nakitolea kopi. Nilikuwa namdanganya na roho inaniuma, lakini sikutaka kitundikwe.

GPA yangu, yani wastani wa alama zote za chuo, ni 3.7. Kwa wasiojua, vyuo vyetu tunahesabiwa mpaka 5.0, fasti klasi (daraja la kwanza) inaanzia 4.4, apa sekondi (la pili la juu) ni 3.5 mpaka 4.3, lowa (la pili la chini) ni 2.7 mpaka 3.4, chini ya hapo ni pasi mpaka 2.0. Kwa hiyo mi nina apa na si apa ya kubahatisha, nimesoma kemia miaka mitatu bila kudisko (kuondolewa chuo kwa kufeli) bila kukeri (kurudia) somo. Nikampigia shangazi kumpa habari akanyamaza kidogo halafu akasema "si haba mwanangu, si haba." Mtoto wake mkubwa ana fasti. Hilo neno si haba ni neno zuri kabisa, mtu akikuuliza hali unajibu si haba na moyo wako mweupe, ila siku ile lilinichoma mpaka nikakata simu kwa kisingizio cha chaji.

Basi siku moja mama ndo akaliona sanduku. Hakugomba, alikitoa tu akakiweka mezani, baba akaja akakisoma kisha akanipa elfu ishirini akasema peleka kwa fundi leo.

Nimefika, shikamoo fundi, marahaba mwanangu umeniletea nini. Nikampa bahasha nikiwa nimejiandaa kwa lile swali la umepata daraja gani, kwa sababu toka nimemaliza chuo kila mtu analiuliza, mpaka muuza vitumbua. Yeye akafuta mikono kwenye kitambaa, akakishika kwa pembe mbili kama anashika kioo, akauliza, "Jina lako limeandikwa sawa?"

Nilishangaa. Akanieleza kwamba ashawahi kufremu vyeti vya watu ambao baadae walirudi kuvitoa mbio mbio, kumbe herufi moja ya jina haifanani na cheti cha kuzaliwa au cha form four, na ukienda kuomba kazi unaanza kuzungushwa mpaka ukaape kiapo kwa wakili au utafute hati ya kubadili jina. Tukasoma wote herufi kwa herufi, jina langu, la baba, la babu. Yote sawa. Akasema haya, hilo ndo kubwa.

Halafu akanambia kitu ambacho kwangu kinatosha kumpa sifa: akakataa kufremu orijino. Alikuwa na kila sababu ya kukubali, hela ileile na kazi ileile. Akasema Tanga hii unyevu wa bahari unaingia mpaka kwenye kabati, karatasi ikibanwa na kioo inashika ukungu na kugandia, na ukuta ukipigwa na jua la asubuhi wino unapauka. Na hata ukihitaji kuitoa ukapige kopi ya kuthibitishwa na wakili utaivunja fremu. Nikamuuliza je nikilamineti, akatikisa kichwa, hapo ndo umekiua kabisa, ile plastiki haitoki. Orijino weka kwenye faili gumu pakavu, niletee kopi ya rangi karatasi nzito. Nikaenda steshenari ya jirani nikarudi nayo.

Sasa kazi yenyewe. Ana mbao za aina mbili, ya msonobari iliyopakwa vanishi na ya mninga ambayo bei imechangamka, halafu zile plastiki za dhahabu za kununua tayari ambazo yeye mwenyewe hazipendi ila watu wanazitaka. Nikachukua mninga. Anaweka kadi nyeupe pembeni ya cheti kabla ya kioo ili karatasi isigusane na kioo, nyuma hadibodi, na anaziba kwa gundi ya karatasi vumbi na wadudu wasipite. Bei aliitaja 20,000 tukaelewana 18,000. Alisema Ijumaa jioni.

Kwa kuwa mvua ilianza nikakaa palepale nikimuangalia anavyokata. Na hapo ndo nikafanya kitu ambacho sikuwahi kuthubutu miezi yote ile, nikachukua risiti yake nikaigeuza nikapiga hesabu nyuma yake. Digrii ya miaka mitatu ina krediti 360, yani uzito wa masomo yote ukijumlishwa, na alama ya kila somo inazidishwa kwa krediti zake. 3.7 mara 360 ni pointi 1332. Ili iwe 3.8 nilihitaji 1368, yani pointi 36 tu. Kalkulasi ya mwaka wa kwanza ilikuwa krediti 12, nikapata C, na C ni pointi 2 wakati A ni 5. Tatu mara kumi na mbili ni 36. Somo moja. UE (mtihani wa mwisho) ya lile somo niliifanya nina malaria, nimetoka kumeza dozi ya pili asubuhi, naona namba zinaogelea.

Kwa nini 3.8? Kwa sababu mi sikuwa nataka fasti ya kutamba nayo. Nilitaka kubaki chuo kufundisha, niwe TA, yani mkufunzi msaidizi, na matangazo ya TA ya vyuo vya umma mengi yameandika GPA isipungue 3.8. Na usiseme utaifuta kwa masta, maana hata nafasi ya juu yake ukienda na masta ya 4.0 mara nyingi wanakuuliza tena digrii ya kwanza ilikuwa ngapi. Kwa hiyo watu wanaponiambia usijali, apa ni apa, wananipenda najua ila hawajui wanachokifariji. Ndio nimeumia, na nina haki ya kuumia, mlango niliokuwa nautaka kuliko yote umefungwa kwa kitu kidogo namna ile.

Ila kuzipiga zile hesabu kulinisaidia kuliko faraja zote. Mpaka siku ile nilikuwa naona digrii nzima imeharibika, naona aibu kwa kila kitu, kumbe fasti yenyewe sikuwa hata karibu nayo, ningehitaji pointi 252 zaidi, kwa hiyo ile aibu ya shangazi haikuwa yangu. Huzuni yangu ni ya pointi 36 na najua inakaa wapi. Huku kwingine kote niko salama. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, wale wanaoajiri serikalini, kwa kada nyingi yanataka shahada tu ya fani husika, hawataji GPA, unapandisha vyeti vilivyothibitishwa kwenye mfumo, wanakuita mtihani wa mchujo, na pale kwenye mchujo mwenye fasti na mwenye lowa mnakalia viti vilevile. Rafiki yangu wa darasani ana lowa ya 3.1 na sa hivi ni mkemia maabara, aliupasua mtihani. Masta nyingi zinaanzia 2.7. Na Bodi ya Mikopo nayo ikija kukata ile asilimia 15 ya mshahara haitaangalia daraja.

Jioni ile nilimwambia haya binamu yangu yuko Uingereza, nae kamaliza mwaka jana na apa ya kwao, wanaiita two-one, na alilia wiki nzima. Nilidhani analia bure mpaka nikasoma mambo yao. Kule apa ni wastani wa 60 mpaka 69 na fasti ni kuanzia 70, lakini England waliopata fasti mwaka 2010/11 walikuwa kama asilimia 16, ilipofika 2020/21 wakawa karibu asilimia 38, baadae wakapungua mpaka kama asilimia 30. Sasa darasani kwako kama watatu kwa kila kumi wana fasti, we na apa yako utajionaje. Alama zake ni nzuri vilevile, ila waliomzunguka ndo wamebadilika. Na upande wa pili waajiri nao wanalegeza, kampuni ya ukaguzi wa hesabu ya EY ilisema mwaka 2015 kwamba haitachuja kwa daraja la digrii, mwenzake PwC ya huko ikaacha kudai two-one mwaka 2022. Haya madaraja tumeyarithi kwao, chuo cha Dar es Salaam kilianza 1961 kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London, na sisi tumeyashika kwa mikono miwili mpaka tunapimana nayo kwenye misiba na harusi.

Turudi kwa fundi maana kuna mapungufu na lazima niyaseme. Ijumaa jioni nimeenda haijawa tayari, umeme ulikatika mchana na kijana wake hakutokea. Angenipigia simu nisingepoteza nauli ya bajaji kwenda na kurudi. Jumamosi asubuhi ikawa tayari, nimeishika nikaona kona moja ya chini kulia haijakutana vizuri, kuna uwazi unapita ukucha. Nilisita kusema, kazi nyingine yote ilikuwa safi, kioo hakina hata povu, nikawaza niache tu ndo hivo hivo inatosha. Halafu nikaona hapana, nimelipa. Nikamuonyesha. Hakubisha wala kununa, akaibandua kona, akapiga msasa pale kwenye kata ya nyuzi 45, akaweka gundi upya, akaibana na kamba akanambia nikanywe chai nirudi baada ya saa moja. Nilirudi ikawa imefunga kabisa, usingejua. Hakuniongeza hata shilingi.

Nikamwambia fundi mi ntakuandika mtandaoni watu wakujue na ntakupa nyota nne kati ya tano. Akauliza ya tano imeenda wapi. Nikasema siku moja ya kuchelewa bila kunipigia, na ile kona. Akafikiri akasema, "Kweli. Kona niliharakisha." Akaendelea kukata kioo cha mteja mwingine, na uso wake haukuwa wa mtu aliyetukanwa. Mi pia sikuwa nimemtukana, nne kwa fundi ni kazi ya kumrudia na nshampelekea wateja wawili. Nilitoka pale na fremu kwapani, njia nzima naiwaza ile nne.

Nyumbani baba aliitundika mwenyewe. Alirudi nyuma hatua mbili akavaa miwani akaanza kusoma kwa sauti, kile kingereza chake cha ofisi ya reli, jina la chuo, jina langu, lake, akafika jina la babu akalisoma mara mbili. Alipofika kwenye Upper Second akasoma kama alivyosoma mengine, hakupunguza sauti. Shangazi alikuja Jumapili akakiangalia akasema kimependeza. Sikuona haja ya kumueleza zile pointi 36, ile risiti nimeiweka kwenye faili pamoja na orijino.

Kwa wanaotaka kwenda: anafungua saa mbili asubuhi mpaka kama saa kumi na mbili, Ijumaa mchana anafunga kidogo kwa swala. Bei inapungua kidogo ukichukua msonobari. Pigeni kopi ya rangi kabla hamjaenda ili msizunguke kama mimi, mpigieni simu siku ya kuchukua, na kona muangalie zote nne palepale kabla hajaziba nyuma.