TAHADHARI: Mimea ya tangi "kutoka Dar" inayong'olewa ziwani hapa hapa Mwanza

Wadau wa samaki wa mapambo wa Mwanza, naomba msome hili kabla hamjatuma hela. Jina la huyu jamaa anayeuza mimea ya tangi la samaki siliweki, na namba ameshabadilisha mara mbili tangu tuanze kugombana, kwa hiyo isingewasaidia. Mtamjua kwa maneno yake: "Mimea safi ya shambani, imetoka Dar, imepigwa dawa, haina mdudu." Picha zake zinavutia kweli, tangi kubwa, taa za zambarau, majani mabichi yamejaa. Tangi lile si lake. Nilimwomba anirekodie video fupi akiwa amesimama mbele yake, akasema kamera ya simu imeharibika.

Hapo mtu mwenye akili angeishia. Mimi nikatuma elfu 35.

Mzigo niliupokea kwa bodaboda pale Buzuruga: mafungu matatu ya mimea, na gapi kumi, wale samaki wadogo wa mapambo, kwenye ndoo ndogo ya rangi. Nilipofungua tu, harufu ikanipeleka moja kwa moja mwaloni. Mizizi ina tope jeusi, kuna kipande cha uzi wa nyavu ya dagaa, na mizizi ya gugumaji imejisokota kwenye mashina. Nikajisemea labda na Dar gugumaji lipo. Nikamwaga fungu la kwanza kwenye beseni, na katikati ya majani kikachomoka kisamaki cha urefu wa ukucha. Mwanangu akashangilia kwamba tumepewa gapi wa kumi na moja. Alikuwa furu. Furu wa ziwa letu, jamani! Yeye alipanda basi gani kutoka Dar?

Tulicheka sana. Na wakati tunacheka, mikono yangu ilikuwa ndani ya beseni hadi karibu na viwiko, ya mwanangu vilevile. Hiyo ndiyo sababu ya kuandika, maana hela ningeweza kunyamaza nayo.

Kwenye ukingo wa beseni walikuwa wamejibandika konokono saba. Ganda bapa, limejizungusha kama kamba iliyokunjwa ikalazwa chini, wakubwa wao wamezidi kidogo kifungo cha shati. Aliyekulia ufukweni anawajua, wanakaa kwenye mafunjo na matete ya pembezoni. Ndio wanaobeba kichocho cha tumbo. Mayai ya mnyoo yanatoka kwenye kinyesi cha mgonjwa, yakifika majini yanatotoa, kimelea kinamwingia konokono na kuzaliana humo kwa wiki kadhaa. Baada ya hapo konokono anaachia vimelea vingi visivyoonekana kwa macho, hasa mchana jua likiwaka, navyo vinapenya ngozi nzima isiyo na kidonda. Huhitaji kunywa maji wala kuoga. Kupanga mimea kwenye tangi kunatosha.

Niwe mkweli, si kila konokono wa umbo hilo ana kimelea. Na aliyetotolewa ndani ya tangi lako ni msafi, kwa sababu kimelea hakipiti kwenye mayai ya konokono. Wa kuogopa ni yule mkubwa aliyekuwa ziwani jana.

Nikampigia jamaa. "Kaka, hao ni konokono wa urembo, wenzako wananunua." Na kweli wapo konokono wa mapambo wanaofanana nao karibu kila kitu, ndiyo maana uongo huu unauzika. Nikamuuliza, na furu? Akasema hiyo bonasi. Kisha akanibloku.

Tulienda kituo cha afya mimi na mwanangu. Tukaambiwa kupima siku ileile hakusaidii, kwa sababu minyoo inahitaji kukua kwanza ndipo itage. Turudi baada ya wiki sita au zaidi na choo cha kupima. Dawa ipo, prazikwanteli, na inafanya kazi vizuri kwa minyoo iliyokomaa. Lakini wiki sita za kukisia kila tumbo linapouma, kwa sababu ya majani ya elfu 35, mke wangu ameziongelea vya kutosha.

Kuhusu gapi, nao hawakuwa salama. Siku ya nne wakaanza kujisugua kwenye mawe, siku ya tano wana madoa meupe kama wamenyunyiziwa chumvi. Sita wamekufa. Bahati yangu sikuwachanganya na wa zamani. Kwenye fungu la pili nikakuta ruba mmoja na mabuu mawili ya kerengende, na buu huyo ukimwacha kwenye tangi anavizia vifaranga vya samaki mmoja mmoja, wewe unabaki kulaumu chakula.

Sasa, mimea yoyote ikija, hata ya rafiki, usiitie kwenye tangi siku hiyo. Vaa glavu za mpira. Toa konokono wote unaowaona, watie kwenye maji ya moto. Geuza kila jani uangalie mgongo wake, mayai ya konokono yanakaa pale kama tone la jeli angavu. Mimea yenye majani magumu inavumilia jiki isiyo na manukato, kipimo kimoja kwa maji vipimo kumi na tisa, dakika mbili tu, halafu suuza sana. Yale majani marefu kama utepe usiyatie jiki, yatayeyuka. Yaloweke kwenye maji ya shabu. Kisha mimea ikae ndoo ya pembeni, peke yake, wiki tatu au nne, ukiikagua. Mayai yaliyokuponyoka yatakuwa yametotoa utayaona. Na vile vimelea vya kichocho vikikosa mtu wa kumwingia vinakufa ndani ya siku mbili hivi, ila hesabu hiyo inaanza konokono wakishaondoka wote, si kabla.

Samaki wapya nao ndoo yao tofauti, na wavu wao tofauti. Wavu mmoja unahamisha kila kitu.

Mkiona mimea inauzwa kwenye vikombe vilivyofungwa, imekuzwa kwenye jeli maabara, hiyo ni ghali lakini haina konokono. Ya mafungu, muulize muuzaji akuonyeshe mahali anapoikuzia, uende kwa miguu yako. Akisema ni mbali, ziwa liko karibu.

Mimea yangu yote niliianika juu ya bati hadi ikawa kama majani ya chai, nikachoma. Sikuitupa mtaroni wala ziwani. Gugumaji lenyewe lililetwa Afrika kama ua la mapambo, na sote tunajua lilikoishia.

Furu yuko kwenye ndoo ya peke yake, anakula vizuri, mwanangu kampa jina Bonasi. Jamaa naye jana usiku kaweka tangazo jipya kwa namba nyingine, picha ileile ya taa za zambarau: "Mzigo umeingia leo asubuhi, wahi."