Mazungumzo ya jioni ya wapanda milima Nairobi: uzoefu wangu

Naanza na alama kwa asiye na muda wa kusoma mpaka chini: nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nimeizuia kwa sababu moja, nitaieleza.

Nazungumzia jioni za mazungumzo zinazoandaliwa na klabu ya wapanda milima hapa Nairobi. Utaratibu ni rahisi. Siku ya kazi, watu wakishatoka ofisini, mtu aliyerudi mlimani anasimama mbele na projekta, anasimulia kwa saa moja hivi, halafu yanafuata maswali. Si lazima uwe mwanachama. Chai ipo, viti ni vya plastiki, na ukumbi ukijaa vijana hukaa sakafuni.

Nilianza kwenda nilipokuwa najiandaa kupanda Point Lenana, mita 4,985, kile kilele cha Mlima Kenya ambacho mtu asiye fundi wa kamba anaweza kukifikia kwa miguu yake. Habari za viatu na makoti nilikuwa nimezisoma mtandaoni hadi nikachoka. Nilichokosa ni mtu wa kunieleza kinachoamuliwa saa nane za usiku pale Shipton's Camp, kambi iliyo chini ya kilele hicho, upepo unavuma, mwenzenu mmoja anatapika, na mwelekezi anangoja jibu. Hayo ndiyo unayoyapata kwenye jioni hizi, na sijayaona yakielezwa vizuri hivyo mahali pengine.

Iliyonifaa kuliko zote ilikuwa ya mzee mmoja wa upande wa Chogoria, aliyebeba mizigo ya wageni tangu ujana wake na baadaye akawa mwelekezi. Hakuja na picha hata moja. Alikuja na chaki. Akachora mstari mrefu kwenye sakafu ya saruji, akamwita msichana aliyekaa mbele, akamwambia atembee juu ya mstari, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, mikono chini. Msichana akatembea vizuri, tukapiga makofi. Mzee mwenyewe hakutabasamu.

"Huyu nikimfikisha mita 4,200 na akaamka analalamika kichwa, namtembeza hivi hivi," akasema. "Akiyumba, ujue ubongo umeanza kuvimba. Hapandi tena. Anashuka saa ileile, hata kama ni usiku."

Kijana mmoja akauliza, "Na akikataa, mzee? Amelipa pesa nyingi na ametoka mbali."

"Kijana wangu, mlevi akikuomba ufunguo wa gari, utampa?"

Ukumbi ukanyamaza. Akaeleza kwamba ugonjwa wa mwinuko, ule unaompata mtu akipanda juu haraka kuliko mwili unavyozoea, ukishafika kichwani unamnyang'anya mtu uwezo wa kuamua, kwa hiyo uamuzi ni wa yule ambaye bado yuko sawa. Akatufundisha pia kusikiliza kikohozi. Mtu anayehema hata akiwa amekaa, na anayekohoa povu lenye rangi ya damu, ana maji mapafuni, na dawa yake ya kwanza ni kushuka. Kisha akapiga hesabu ambayo kampuni nyingi za safari hazikuwekei wazi. Ukishapita mita 3,000, inashauriwa mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Kwa njia ya Sirimon, kutoka kambi ya Old Moses, mita 3,300, hadi Shipton's, mita 4,200, ni kama mita 900 kwa siku moja. Ndiyo maana siku ya ziada ya kupumzika si anasa, ingawa inaongeza gharama. Tuliilipia. Na tulipofika Shipton's nilichora mstari mchangani kwa fimbo, tukatembezana mmoja mmoja kabla ya kulala.

Mazungumzo ya historia nayo yana uzito wake. Kuna jioni ilihusu uokoaji wa Septemba 1970. Madaktari wawili wa Austria, Gert Judmaier na Oswald Oelz, walikuwa karibu na Batian, kilele kirefu kuliko vyote vya Mlima Kenya, mita 5,199, jiwe lilipong'oka na Judmaier akaanguka na kuvunjika mguu vibaya. Oelz ilimbidi ashuke kutafuta msaada. Wapandaji wa kujitolea walitoka Nairobi, helikopta ikaanguka na rubani wake akafa, na mwishowe waokoaji wakaruka kwa ndege kutoka Innsbruck, Austria, kuja kusaidia. Judmaier alitolewa hai baada ya zaidi ya wiki moja kule juu. Kile kibanda kinachoitwa Austrian Hut, ambacho wengi tunakipita tukiwaza Lenana tu, kilijengwa kutokana na mkasa huo. Jioni hiyohiyo tulisikia kuhusu Ian Howell, aliyejenga kibanda kidogo juu ya Nelion, kilele jirani na Batian, mwaka huohuo. Vipande vyake viliangushwa kwa ndege kwenye barafu ya Lewis, naye akavipandisha juu kwa safari 13, akiwa peke yake. Barafu hiyo leo imepungua mno. Tuliwekewa picha za zamani kando ya za sasa, na msemaji akatuonyesha palipokuwa na barafu ngumu, sasa ni kokoto na mawe yanayoporomoka ukikanyaga.

Nimeona pia maswali yakibadilika. Mkenya James Kagambi alipofika kilele cha Everest mwaka 2022, akiwa na umri wa miaka 62, kila mtu alitaka kujua mazoezi na gharama. Tangu Mkenya mwingine, Cheruiyot Kirui, afie huko Mei 2024, akijaribu kupanda bila oksijeni ya chupa, watu wanauliza mtu anajuaje wakati wa kugeuka. Wasemaji wazuri hawalikwepi swali hilo. Wanakutajia saa waliyogeuka, hali ya hewa ilivyokuwa, na nani aliyesema turudi.

Sasa ile nyota niliyoizuia. Jioni nyingi mno ni za watu waliokwenda nje, Alps au Himalaya, na slaidi nyingi za kilele zinazofanana. Wapagazi na waelekezi wa Naro Moru, Chogoria na Sirimon, wanaoujua mlima wetu kwa miguu yao, wanapewa nafasi mara chache sana, na karibu kila kitu kinaendeshwa kwa Kiingereza. Yule mzee alizungumza Kiswahili, na sijaona ukumbi ukiuliza maswali kwa uhuru kama siku ile. Waandaaji, walipieni nauli na malazi, muwape angalau jioni moja katika kila msimu. Watu watajaa.

Anayelenga kupanda Januari au Februari, kipindi cha ukavu, aanze kuhudhuria mapema, Oktoba hivi, apate muda wa kubadilisha mipango kutokana na atakayoyasikia. Panga usafiri wa kurudi, maana maswali hurefuka na matatu hupungua usiku. Na usiondoke yakiisha: wasemaji hubaki wakinywa chai, na hapo ndipo nilipotajiwa mwelekezi niliyempigia simu kesho yake.