Mkufu wa Kazuri: Tathmini ya Bidhaa, na Heshima kwa Susan Wood Aliyeianzisha

Mkufu wa shanga za Kazuri, karakana ya shanga za udongo jijini Nairobi, unapaswa kupimwa kwanza kama mkufu, na wema wa aliyeuanzisha upimwe baadaye. Nasema hivyo kwa sababu kazi nyingi za mikono zinazouzwa Nairobi kwa jina la kuwainua wanawake hununuliwa kwa huruma: mgeni hulipa, hupiga picha, kisha kitu chenyewe huishia kwenye droo bila kuvaliwa hata siku moja. Susan Wood, aliyeanzisha karakana hii mwaka 1975, angeweza kuridhika na biashara ya namna hiyo, kwani wateja wa huruma hawakosekani. Hakuridhika, na ushahidi umo katika shanga zenyewe.

Ushike ushanga mmoja na kuuzungusha polepole penye mwanga. Utaona kwamba umebonyea kidogo upande mmoja, pale kidole kilipoukandamiza ukiwa bado mbichi, na kwamba mistari ya brashi hunenepa mahali fulani na kukonda mahali pengine. Ukingoni mwa tundu, rangi imekuwa nyembamba kiasi cha kuuacha udongo uchungulie. Mng'aro wake ni wa kioo, kwa kuwa rangi inayopakwa huyeyuka ndani ya tanuri na kushikamana na udongo. Ndiyo maana haibanduki kwa jasho la shingo, wala haiachi doa kwenye kola ya blauzi nyeupe kama zifanyavyo baadhi ya shanga za mbao zilizopakwa rangi. Rangi ndizo zinazonivutia kuliko yote, hasa buluu iliyokolea na ile kahawia inayokaribia zambarau, ambazo hukaa vizuri na kitenge chenye maua mengi bila kushindana nacho.

Anayenunua ajue pia kwamba udongo uliochomwa ni mzito, na mkufu mrefu wa shanga kubwa huanza kuhisika shingoni kabla harusi haijafika kwenye hotuba. Tena udongo ni udongo. Ukiangukia vigae, asitarajie muujiza. Bei iko juu kuliko ya mikufu mingi utakayoipata Maasai Market, soko la kazi za mikono jijini Nairobi, na kwa maoni yangu ni haki yake.

Sababu ya bei hiyo huonekana vizuri zaidi karakanani, huko Karen, kitongoji cha Nairobi, kwenye ardhi iliyokuwa sehemu ya shamba la kahawa la Karen Blixen, mwandishi kutoka Denmark. Mgeni hutembezwa hatua kwa hatua. Udongo huletwa kutoka eneo la Mlima Kenya, husafishwa na kukandwa, kisha hufika mezani kwa wanawake walioketi bega kwa bega, ambao hukata kipande, hukiviringisha kiganjani na kukitoboa huku wakiongea. Mazungumzo hayakomi, na vidole navyo havikomi. Shanga huachwa zikauke, huchomwa mara ya kwanza, hupakwa rangi moja moja, huchomwa tena, ndipo zikatungwa. Mashine ingeweza kuzitoa shanga hizo kwa maelfu, zote sawasawa, lakini ingewaondolea kazi watu ambao karakana ilianzishwa kwa ajili yao.

Wood alianza kwa majaribio nyuma ya nyumba yake, akiwa na wanawake wawili waliokuwa wakilea watoto peke yao. Aligundua haraka kwamba wenye shida kama yao walikuwa wengi, na shughuli ikakua hadi kuwa kiwanda chenye wafanyakazi zaidi ya 300, wengi wao akina mama wa hali hiyo hiyo. Alichowapa ni ajira yenye mshahara na ufundi wa mkononi, na hapo ndipo ninapoona uongozi wake: hakuwaweka wanawake hao katika nafasi ya kupokea tu.

Maisha yake yanastahili kusimuliwa bila kupambwa. Alizaliwa Kongo mwaka 1918, mtoto wa wamisionari Waingereza, akasomeshwa Uingereza, kisha akahamia Kenya mwaka 1947 pamoja na mumewe, daktari wa upasuaji Michael Wood, ambaye mwaka 1957 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa huduma ya madaktari wa ndege iliyozaa AMREF, shirika la afya la Afrika. Hakuja kama wahamiaji wengine wanavyokuja, mikono mitupu na bila makaratasi; alikuja katika koloni ambamo rangi ya ngozi yake ilimfungulia milango. Katika miaka ya 1950 yeye na mumewe walijiunga na Capricorn Africa Society, chama kilichopinga ubaguzi wa rangi lakini kikataka haki ya kupiga kura itegemee vigezo kama elimu na mali, jambo ambalo Waafrika wengi, kwa haki kabisa, hawakulikubali. Binafsi naona karakana ya shanga ilifanikiwa pale ambapo siasa ile ilishindwa, labda kwa sababu mezani hakuna aliyetakiwa kuonyesha cheti kabla ya kuhesabiwa kuwa mtu.

Mwaka 2001 kampuni iliingia mikononi mwa Mark na Regina Newman, na Wood mwenyewe alifariki mwaka 2006. Shanga bado zinafinyangwa kwa mkono, na duka liko hatua chache kutoka kwenye meza za kazi, kwa hiyo ni rahisi kulinganisha kinachouzwa na kinachotengenezwa.

Kwa anayenunua mara ya kwanza, ningependekeza bangili au mkufu mfupi wa shanga ndogo, usiochosha shingo. Aukague uzi na kifungo chake kabla ya kulipa, na aende asubuhi ya siku ya kazi, kwa kuwa duka bila wafinyanzi humwonyesha nusu tu ya anachokilipia.