Jeki ya hedifoni kwa amplifaya ya valvu: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kwenye amplifaya ya valvu (zile taa za kioo zinazokuza sauti) uliyoijenga nyumbani, jeki ya hedifoni huchoka mapema. Inachomekwa na kuchomolewa kila siku, waya unaivuta upande mmoja, na kwa wanaoishi Kigamboni, Msasani au popote upepo wa bahari unapofika, chumvi inakula vyuma vyake taratibu. Dalili zake zinajulikana: sikio moja linakatika mpaka uizungushe pini, mkwaruzo unapoguswa waya, au mvumo ambao haukuwepo siku amplifaya ilipowashwa mara ya kwanza.

Wanunuzi wengi huangalia rangi ya dhahabu kwanza. Sisi tunaiweka mwisho. La kwanza ni jeki kutengwa na bodi, yaani chuma cha kasha la amplifaya, la pili ni ndimi za ndani kubana pini sawasawa, kisha ukubwa wa tundu ulilonalo. Dhahabu haipati kutu, na karibu na bahari hiyo ni faida ya kweli, lakini ikipakwa juu ya ulimi uliolegea haisaidii chochote.

Kutengwa na bodi kunahitaji maelezo, maana hapo ndipo amplifaya nyingi nzuri zinapoharibiwa na jeki. Ethi zote za saketi zinatakiwa zikutane sehemu moja, kwa kawaida jirani na kapasita za pawa, na kutoka hapo waya mmoja tu ndio uende kwenye bodi. Ukifunga jeki ya chuma moja kwa moja kwenye bati la mbele, shina la pini (sehemu yake ya nyuma inayobeba ethi) linaigusa bodi, na ethi inapata njia ya pili ya kurudi. Duara hilo la waya na bati linanasa uga wa transfoma ya pawa, nawe unasikia mvumo wa 50 Hz au 100 Hz masikioni. Hedifoni zinaufichua hata ule ambao spika isingeutoa.

1. Jeki ya plastiki ya robo inchi (6.35 mm), stereo

Hii ndiyo chaguo letu la kwanza kwa karibu kila amplifaya. Mwili na shingo yake ni plastiki, kwa hiyo imetengwa na bodi bila ujanja wowote. Cliff ya Uingereza wanatengeneza za aina hii, na Rean, chapa ya bei nafuu ya kampuni ya Neutrik, ni nzuri pia. Shingo hutofautiana, basi ipime kabla ya kutoboa bati.

Kuna zenye swichi na zisizo na swichi. Kama amplifaya yako ina transfoma ya kutolea sauti, nunua yenye swichi. Pini isipokuwemo, ulimi wa swichi unagusa ulimi wa sauti. Hapo unachomea rezista kati ya mguu wa swichi na ethi ya sauti, moja kwa kila upande. Kwa toleo (yaani mahali sauti inapotokea) la omu 32, rezista ya omu 33 ya wati 2 inafaa amplifaya ndogo. Inaipa transfoma mzigo wakati hedifoni hazijachomekwa, kwa sababu transfoma ya valvu za pentodi ikiendeshwa kwa nguvu bila mzigo inaweza kupandisha volti hadi insulesheni yake ikatoboka. Pini ikiingia, rezista inajitoa yenyewe.

Amplifaya isiyo na transfoma ya kutolea sauti, mfano zile za valvu ya 6AS7G au 6080, haihitaji swichi. Yenyewe inahitaji rezista ya kudumu, omu 2,200 hivi, kutoka kila toleo kwenda ethi, ili kapasita ya kutolea ichajike hedifoni zikiwa nje. Bila hiyo, ukichomeka pini unasikia mlio mkali wa "pwaa!", na siku moja hedifoni nyepesi italipia.

2. Jeki yenye kufuli, ya sahani ya skrubu mbili

Neutrik NJ3FP6C ndiyo inayofahamika zaidi. Inashika pini kwa nguvu na kuiachia unapobonyeza kitufe. Kwa uimara inaishinda ya kwanza. Imeshuka daraja kwa sababu mbili. Inataka tundu la takriban 24 mm, kazi nzito kwenye amplifaya iliyokwisha kujengwa. Pili, kufuli halisamehe: mtoto akijikwaa kwenye waya, pini haichomoki, amplifaya nzima ndiyo inayofuata sakafuni, na valvu za moto na mamia ya volti ndani. Nyumba yenye watoto, bakia na ya kwanza. Ukiinunua, pima kwa testa (kifaa cha kupimia umeme) kama mguu wa shina umeungana na sahani kabla ya kuifunga.

3. Jeki ya chuma iliyo wazi

Hizi ndizo za magitaa, kama Switchcraft 12B, na ndimi zake zinadumu miaka mingi. Kasoro yake ni ile ya ethi. Inatibika kwa washa za plastiki (visahani vya kuwekwa chini ya nati), ila lazima moja iwe na kishingo kinachoingia ndani ya tundu. Washa mbili bapa hazitoshi, kwani uzi wa shingo bado utagusa ukingo wa bati. Hiyo ina maana ya kupanua tundu la 9.5 mm ili kishingo kipate nafasi. Hakikisha pia unanunua stereo: yenye miguu miwili ni mono, nayo itakupa sikio la kushoto tu. Na kwa kuwa iko wazi nyuma, angalia pini ikiingia hadi mwisho ulimi unakunjuka kuelekea wapi. Usiwepo waya wa volti kubwa hapo.

4. XLR ya pini nne

Hii ni jeki ya duara kama ya maikrofoni. Ni imara na inapatikana kwa wauzaji wa vifaa vya muziki wa makanisani na wa bendi, ingawa pini tatu ndizo nyingi, hivyo sema nne waziwazi. Mpangilio ni huu: 1 kushoto chanya, 2 kushoto hasi, 3 kulia chanya, 4 kulia hasi. Inafaa pale tu ambapo amplifaya yako inatoa sauti kwa waya mbili za kila upande zisizo na ethi ya pamoja. Kwenye amplifaya ya kawaida utaishia kuunganisha 2 na 4, na hutasikia tofauti. Kosa la hatari ni kinyume chake: kutumia adapta ya XLR kwenda robo inchi kwenye amplifaya ya waya nne halisi. Adapta inaunganisha hasi mbili ambazo hazikupaswa kukutana.

5. 4.4 mm na 3.5 mm

Ile ya 4.4 mm ni nzuri kwa vichezeshi vya mfukoni. Kwenye valvu haina sababu. Ya 3.5 mm ina ndimi ndogo mno, na inakaribisha hedifoni za simu za omu 16 au 32. Kapasita ya kutolea ya mikrofaradi 100 ikitazamana na hedifoni za omu 300, besi inaanza kupungua karibu 5 Hz, hutasikia upungufu. Kwa omu 32 inaanza karibu 50 Hz. Watu hulaumu valvu kwa sauti nyembamba kumbe ni hesabu hiyo.

Za miguu ya kuchomea kwenye saketi bodi usizichukue, hata za bure. Uzito wote wa waya unabebwa na miguu midogo iliyochomewa kwa risasi.

Ukiwa dukani Kariakoo

Nenda na pini yako na testa. Sema hivi: "Kaka, naomba jeki ya robo inchi, stereo, ya plastiki, ya kufunga kwa nati, miguu ya kuchomea waya." Ukisema "jeki ya hedifoni" tu utaletewa ya 3.5 mm. Chomeka pini mara kadhaa. Unatakiwa usikie mshiko unaokwama mara moja, kisha uitikise huku testa ikipima kati ya mguu na pini. Namba ikirukaruka, rudisha. Kwa zile zilizo wazi, beba sumaku ndogo: ndimi zikinaswa kwa nguvu ni chuma cha kawaida, na kitapata kutu. Jina la Neutrik huigwa sana, hivyo maandishi peke yake yasikuridhishe. Nunua mbili, ya akiba ni bei ndogo kuliko safari ya pili.

Kuifunga

Chomoa plagi ya umeme kabisa kutoka soketi ya ukutani, kuzima swichi hakutoshi. Kapasita za pawa zinabaki na chaji: mikrofaradi 220 kwa volti 300 ni kama jouli 10, inatosha kuua. Shikisha rezista ya omu 10,000 ya wati 5, yenye waya zilizofunikwa, kati ya chanya na ethi kwa nusu dakika, kisha pima. Usiguse kitu mpaka testa isome chini ya volti 10. Mkono mmoja ukae mfukoni.

Toa valvu, piga picha ya waya za zamani, ziba kila kitu kwa karatasi na tepu kabla ya drili, kwani chembe moja ya bati chini ya soketi ya valvu inaleta shoti. Tundu kubwa lipanue kwa drili ya ngazi. Huna, mafundi bati wa Gerezani wanayo.

Ncha ni kushoto, pete ni kulia, shina ni ethi. Sokota waya tatu pamoja na uzipitishe mbali na waya za 6.3 V za kupasha valvu. Unapochoma risasi, acha pini ndani ya jeki: plastiki ikilainika ndimi zitabaki mahali pake. Chuma kiwe na moto wa nyuzi 350 hivi, na usikae kwenye mguu zaidi ya sekunde tatu.

Kabla ya kurudisha valvu, pima shina na bodi huku waya wa ethi ukiwa haujachomewa: testa isisome kitu. Halafu chomea, rudisha valvu, washa amplifaya bila hedifoni, subiri dakika mbili, upime volti ya DC kwenye kila upande. Ikizidi milivolti 20 na haishuki, kapasita ya kutolea inavuja. Ikitulia, jaribu na hedifoni za bei ndogo. Mvumo ukisikika na ukaisha unapolegeza nati ya jeki, washa yako haijaitenga shingo na bati.