Kununua maua ya harusi ya msimu: yapi yaje kwanza, yapi uyaache

Ukimwendea mkulima wa maua na picha kwenye simu, ukataka ua lile lile kwa jina lile lile, huenda usilipate. Na ukilipata, huenda limekaa kwenye boksi siku nyingi. Mwendee na rangi mbili au tatu na maumbo matatu: ua kubwa la mviringo, ua lililosimama wima kwenye shina refu, na maua madogo ya kujazia. Kisha mwachie achague yaliyochanua vizuri juma lile. Uzuri wa maua ya karibu ni kwamba yanaweza kuwa yamekatwa jana asubuhi, na uzuri huo hupotea unapomfunga mkulima kwa jina la ua moja.

Kuhusu njia za kununua, tunaweka mbele kugawa kazi. Mpambaji mzoefu atengeneze vinavyoshikwa na kuvaliwa, yaani mashada na maua ya koti, halafu maua ya mezani myanunue kwa ndoo shambani, mpange wenyewe. Shada lililofungwa vibaya hulegea mikononi mwa bibi harusi, na hakuna wa kulifunga upya njiani. Chombo cha mezani unachomoa shina bovu, unaweka jingine, basi.

Inayofuata ni kumpa mpambaji kazi yote. Mpime kwa swali moja: juma la harusi yetu, maua gani yatakuwa yanachanua? Anayenunua kwa wakulima atakutajia machache na kukuonya kuhusu mengine. Anayejibu “chochote mtakacho” ana uwezekano mkubwa wa kuagiza ya mbali.

Ya tatu ni kufanya yote wenyewe. Inawezekana kama mna watu wanne wa uhakika, chumba baridi, na meza zisizozidi kumi hivi. Asiyezoea huchukua karibu nusu saa kwa kila chombo. Ya mwisho ni kuagiza maboksi ya maua nje ya msimu. Iache kwa ua moja tu ambalo kweli hamwezi kulikosa.

Sasa maua yenyewe. Tunayapanga kwa kipimo kimoja: ua litakaa saa nne bila maji, kwenye joto la kawaida la chumba, bila kulegea? Shada hushikwa, huwekwa kwenye kiti, husubiri kwenye gari. Nunua mashina mawili mawili kabla ya kuagiza, yanyweshe maji usiku kucha, halafu yaache mezani kwa muda wa saa nne bila maji. Jaribio hilo litakufundisha kuliko picha mia.

Kwa ua la katikati, la kwanza kwetu ni lisianthasi. Lina sura ya waridi, shina moja hubeba maua kadhaa na matumba, na linavumilia sana. Kasoro yake ni uvivu wa kukua: miezi mitano au sita tangu mbegu, kwa hiyo mkulima asiyelipanda tayari hawezi kukusaidia.

La pili ni zinia, nalo linaonewa bure. Watu hulaumu zinia kwa kuinamisha shingo, ilhali kosa ni kukatwa mapema. Shika shina kama sentimita 20 chini ya ua, ulitikise. Likiyumba kama kamba, halijakomaa na halitapona hata ulitie maji gani. Likisimama kama kijiti, kata. Omba kumwona mkulima akifanya hivyo. Na zinia zisiingie kwenye friji; baridi kali huzichoma petali zikawa na madoa ya kahawia.

Waridi la bustanini ni la tatu. Lina harufu na umbo ambavyo ua jingine halikupi, lakini likishafunguka humaliza siku zake haraka. Lipokee likiwa limeanza kufunguka kidogo tu, uondoe petali mbili tatu za nje zilizochubuka.

Dalia tunaiweka ya nne, na tunajua wengi watabisha. Ni ua la kupendeza mno, ila tumba lake likikatwa changa halichanui, hivyo lazima likatwe likiwa limefunguka robo tatu au zaidi. Geuza ua utazame mgongoni: petali za nyuma zikiwa ngumu na nyororo, nunua; zikiwa zimekunjamana au zina rangi ya karatasi kuukuu, liache. Vichwa vikubwa kama sahani huvunjika shingo ndani ya shada, basi chukua vya ukubwa wa ngumi.

Haidrenjia iweke mezani ndani ya maji, usiipe mkono wa bibi harusi. Kichwa changa hunyauka kwa saa moja au mbili; kilichokomaa, ambacho petali zake zinagusika kama karatasi nene, hustahimili zaidi. Kikinyauka, kata shina upya ukizamishe kichwa kizima kwenye maji baridi kwa nusu saa, maana hunywa hata kwa petali. Haibiskasi iache kabisa. Ua lake huishi kama siku moja tu. Yungiyungi ni zuri, ila chomoa vifuko vya chavua mara tu ua linapofunguka. Chavua ikishagusa gauni usisugue wala usitie maji: igandishie tepe, uinue.

Kwa kujazia, statisi, gomfrena na selosia hazina mpinzani, kwani hukauka bila kupoteza sana sura. Kwa majani, mkaratusi uliokomaa na rozimari hudumu. Mrehani unanukia vizuri, lakini uwe na shina gumu. Ncha laini hulala.

Hesabu ndipo wengi huumia. Shada la bibi harusi hutaka mashina kama 30: makubwa 8, ya kati 10, ya kujazia 6, majani 6. La msimamizi, 15. Chombo cha mezani cha wastani, 15. Ua la koti, vipande 3. Harusi yenye wasimamizi 4, meza 10 na maua 8 ya koti inafika mashina 264. Ongeza asilimia 15 ya kuvunjika na kuoza, unapata karibu 304. Agiza kwa idadi ya mashina. “Ndoo” si kipimo, maana mmoja hutia 40, mwingine 70.

Mpe mkulima taarifa miezi minne kabla kama unataka akupandie; lisianthasi, kama tulivyosema, hutaka muda zaidi. Zinia huchukua siku 60 hadi 70 tangu mbegu, alizeti za shina moja siku 50 hadi 60. Wiki mbili kabla ya harusi, mthibitishe rangi na maua mbadala kwa maandishi.

Pokea maua siku mbili kabla. Ndoo zioshwe kwa sabuni kama vyombo vya kulia, kwa sababu bakteria ndio huziba mashina. Ng'oa majani yote yatakayozama, kata sentimita 2 au 3 kwa mshazari, tia kwenye maji haraka, yaache kivulini na kwenye ubaridi usiku kucha. Ukitumia chakula cha maua, fuata kipimo cha pakiti; ukitia nusu, sukari itawalisha bakteria na dawa haitatosha kuwaua. Matunda yanayoiva yasikae chumba kimoja na maua, kwani gesi yake ya ethilini huyazeesha, hasa kanesheni.

Kwa vyombo vya mezani achana na sponji ya kijani ya kuchomekea mashina. Ni plastiki isiyooza, na Royal Horticultural Society, chama cha bustani cha Uingereza, iliipiga marufuku kwenye maonyesho yake tangu 2021. Viringisha waya wa banda la kuku uwe kama mpira, uusukume ndani ya chombo, uufunge juu kwa tepe iliyokatiza msalaba. Mashina husimama vizuri, yanakunywa maji safi, na waya unatumika tena.

Mashada yafungwe asubuhi ya harusi au jioni iliyotangulia, yakae kwenye maji kidogo yanayofika mwisho wa mashina tu. Kwenye gari, yasimamishe ndani ya ndoo sakafuni, mbali na jua la dirishani. Kabla ya kumkabidhi bibi harusi, futa mashina kwa taulo mpaka yakauke kabisa, maana matone ya maji huacha alama kwenye hariri.